Glasi ya Mvua Kule Mwisho wa Nchi

Wenzangu, karamu ya kuniaga mliyonifanyia ilikuwa nzuri na hotuba zenu nilizisikiliza kwa adabu. Mmoja wenu alisimama akasema kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kupeleka Nairobi namba ya uongo hata moja. Mlipiga makofi, nami nikala keki yangu. Maneno yale yamenikwama kama mwiba wa ngege, yule samaki wa ziwani, ndiyo maana nimechukua daftari. Habari ya vyeo na mishahara sitaigusa, maana faili langu mnalo, na yeyote mwenye hamu atalifungua.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilitoka kwetu Maragoli nikafikia kwa mjomba wangu Kaloleni, hapa Kisumu, na asubuhi ya kwanza niliingia ofisi yetu ya hali ya hewa na tai ya kuazima na kalamu mbili mfukoni, nikitegemea kuonyeshwa meza. Mzee Elkana, mkaguzi wa vituo vya mvua, alinitazama kuanzia tai mpaka viatu, kisha akanikabidhi panga. Tulishinda siku nzima tukikata nyasi kuzunguka kipimo kwenye shule moja nje ya mji. Tai ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na kupe.

"Kijana," aliniambia wakati wa chai, "wewe hapa hupimi mvua. Mvua inapimwa na watu wenye wako huko mbali, hata jina yako hawajui. Kazi yako ni kuhakikisha chombo haiwadanganyi. Ukisahau hiyo, afadhali uende ukauze mitumba soko ya Kibuye."

Kwa wale walioajiriwa juzi na kukuta mashine, nieleze. Kipimo cha mvua ni mtungi wa shaba uliofukiwa nusu ardhini, una mdomo wa mviringo juu na chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji huinua mdomo, humwaga maji ya chupa kwenye glasi yenye mistari, husoma, huandika kwenye kadi. Mwisho wa mwezi kadi huja Kisumu kwa posta. Wasomaji wetu walikuwa walimu, makatekista, wazee wa vijiji na wake zao. Enzi zangu vipimo vilikuwa vya aina mbili, vya zamani vyenye mdomo wa inchi tano na vipya vya inchi nane. Mdomo mpana hukusanya maji mengi kuliko mwembamba katika mvua ile ile, kwa hiyo kila aina ina glasi yake, na chini ya glasi kumechorwa namba ya mdomo wake.

"Glasi na mdomo ni bwana na bibi," Mzee Elkana alikuwa akisema, huku akinigeuzia kitako cha glasi nikisome. "Ukiozesha glasi kwa mdomo ya mwingine, watoto wote watazaliwa waongo." Alikuwa na amri nyingine pia, nayo aliirudia mpaka nikachoka: usimwite msomaji mwongo kabla hujamwaga maji kwa mkono wako mwenyewe. Alistaafu miaka michache baadaye akarudi kwao Seme kufuga nyuki, na mimi nikarithi panga, pikipiki isiyo na taa, na vituo vyote vya ufuoni.

Nilikuwa hodari, siwezi kujidanganya. Nilikuwa na pua ya kunusa namba za kupikwa. Mwalimu mkuu mmoja wa Nyakach alituletea kadi yenye siku kumi na moja za mvua. Nilipofika nikakuta kipimo kiliibwa mwezi uliotangulia, na kuku amelalia mayai kwenye shimo lake. Nilimwuliza alikuwa akipima na nini. "Uzoefu," alisema, bila kupepesa jicho. Mwingine alikuwa na mvua kila siku ya wiki isipokuwa Jumapili, kama kwamba mawingu nayo yanakwenda kanisani. Nilimkamata huyo, nikakamata na wengine, na ofisini wakaanza kuniita daktari wa waongo. Jina hilo lilinipendeza kuliko inavyofaa. Mtu akisifiwa kwa kukamata panya, mwisho hata soksi iliyo chini ya kitanda huiona kuwa ni panya.

Kituo chetu cha mwisho kilikuwa Lwandagiko. Ni rasi ya mawe meusi iliyojichomeka ziwani kule kusini kabisa, ambako nchi inaishia. Ukisimama kwenye ncha yake, maji ya mbele yako ni ya Uganda na ya kushoto ni ya Tanzania, na nyuma yako kuna nyumba kama thelathini, kanisa la mabati na ufuo wa wavuvi. Kutoka Kisumu ilikuwa meli hadi Homa Bay, lori hadi Karungu, kisha mtumbwi ikiwa ziwa limekubali. Karani wetu alizoea kutania kwamba mvua ya Lwandagiko inaingia Kenya bila kulipa ushuru.

Msomaji wa huko alikuwa Mama Truphosa. Mumewe, mwalimu, ndiye aliyepewa kipimo kwanza. Alipofariki, mama aliendelea kusoma bila kuambiwa na mtu, akiwa amevaa koti la marehemu na gamubuti zake zilizomzidi namba tatu. Kadi zake zilikuwa safi, mistari imenyooka. Wavuvi walipitia kwake asubuhi kumwuliza mvua ya jana ilikuwa ngapi, wakaenda nayo majini kama habari ya redio. Jumapili yeye ndiye aliyesoma neno kanisani na kuongoza kina mama. Ndiye aliyenipa jina la Jakoth, mtu wa mvua, ambalo kwa Wajaluo ni jina la yule fundi wa zamani wa kuita mvua. Nikishuka tu kwenye mtumbwi watoto walikuwa wananidai mvua, kana kwamba nimeibeba mfukoni.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ilifika kadi yake imeandikwa chini: "Mbuzi amevunja glasi. Tumemchinja. Naomba ingine." Tulicheka ofisini mpaka machozi. Nikapanga safari.

Asubuhi ya kuondoka nilipitia Kibuye kuchagua koti la mtumba. Nasema hili kwa sababu ndilo lililonichelewesha, si jambo lingine. Nilipata koti zuri, la kahawia. Nilipofika stoo meli ilikuwa inakaribia kung'oa nanga, na glasi zilikuwa kwenye rafu mbili, juu za inchi nane, chini za inchi tano. Nilinyoosha mkono juu kwa kuwa ndipo mkono ulipofika. Sikugeuza kitako, na kipimo cha Lwandagiko kilikuwa cha inchi tano.

Mama Truphosa aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga.

"Jakoth, mbona hii nono hivi? Ile ya kwanza ilikuwa nyembamba."

"Hii ni ya kisasa, Mama."

"Na namba yake iko sawa na ya hii chombo yangu?"

"Mama, hizi vitu zinatoka Nairobi. Nairobi haiwezi kukosea."

"Haya. Wewe ndiye unajua." Akaniwekea ngege na kuon, ugali wa kwao, nikala nikashiba, nikawahi mtumbwi uliokuwa unarudi. Kumwaga maji ya majaribio ni kazi ya robo saa. Niliiona robo saa hiyo ni ndefu, maana mwenye mtumbwi alikuwa ananipigia mluzi.

Kuanzia mwezi uliofuata Lwandagiko ilikauka kwenye karatasi. Misheni iliyo ng'ambo ya ghuba, nayo ina kipimo chetu, iliandika masika makubwa, na Mama Truphosa aliandika manyunyu. Mwezi wa pili vile vile, na wa tatu. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikajenga kesi yangu polepole: mama amezeeka, haendi tena kwenye kipimo mvua ikinyesha, anakaa jikoni na kuandika namba ndogo ili aonekane amefanya kazi. Kila kadi iliyofika iliniongezea ushahidi. Kadi zetu zilikuwa na safu ya mwisho ya maelezo, lakini karani alinakili namba peke yake kwenye rejista, na mimi nilisoma rejista. Kadi zenyewe zilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Baada ya kama mwaka mmoja nilikwenda kumkamata. Sikwenda nyumbani kwake. Nilimwomba naibu chifu nafasi kwenye baraza lake, ili iwe fundisho. Nilivaa lile koti la kahawia.

Nikasema mbele ya watu wote kwamba serikali haiwezi kutumia mvua inayopikwa jikoni, na kwamba mama huyu alikuwa anaandika namba za uongo kwa mwaka mzima. Wavuvi walitazama chini. Mama Truphosa alisimama, kitambaa chake kichwani kimefungwa vizuri.

"Mimi nasoma vile glasi inasema," alisema. "Hata niliandika."

"Uliandika wapi?"

"Kwa kadi. Kila mwezi niliandika."

"Mama, mimi kadi zako zote nazijua. Namba ndiyo mbaya."

"Jakoth, twende kwa chombo sasa. Umwage maji uone."

Aliniomba kwa mdomo wake kile kile alichoniamuru Mzee Elkana. Nikamjibu kwamba sikuja Lwandagiko kucheza na maji. Watu wengine walicheka. Nyuma nikasikia mtu akitafsiria wenzake kwa Kijaluo, jamiriambo, mwongo, na neno lile likapita mstari kwa mstari mpaka mbele. Yeye alilisikia pia. Alikaa chini taratibu, akaweka mikono magotini.

Niling'oa kipimo mchana huo huo. Nilikitia sandukuni pamoja na glasi yake, nikafunga kwa kamba ya katani, nikaandika jina la kituo na langu. Miezi michache baadaye niliambiwa na dereva wa lori kwamba kanisani wamempa mtu mwingine kusoma neno na kuongoza kina mama. Aliyeitwa mwongo na serikali, walisema, hawezi kushika kitabu. Nilimwambia dereva kwamba hayo ni mambo yao ya kanisa.

Mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya tisini tuliombwa kituo kipya kwenye shule moja ya uwanda wa Kano. Stoo haikuwa na kitu kipya, nikateremsha lile sanduku. Nilikata kamba, nikatoa mdomo, nikatoa glasi, nikaviweka kwenye meza kimoja kando ya kingine. Mdomo mwembamba na glasi nene. Niligeuza kitako cha glasi nikasoma nane. Nilipima mdomo kwa rula, ingawa sikuhitaji rula. Kisha nikafanya ile kazi ya robo saa. Nilimwaga maji ya milimita kumi za mdomo ule, na glasi ikasema karibu nne.

Nilikaa juu ya sanduku.

Baadaye nikatafuta kadi zake. Zilikuwepo zote, na safu ya maelezo ilikuwa imejaa. "Mvua kubwa sana, njia imekatika, lakini glasi inasema kidogo." Mwezi uliofuata: "Nimeweka mkebe wa mafuta ya kupikia kando ya chombo. Mkebe inajaa, glasi hapana. Jakoth njoo uone." Ukafuata: "Glasi inaweza kuwa ya chombo ingine. Tafadhali njoo." Na kadi ya mwisho kabla ya baraza: "Naendelea kuandika vile glasi inasema kwa sababu ndiyo sheria." Mama aliyeishia darasa la saba, peke yake kwenye mwamba, alikuwa ameligundua kosa langu kwa mkebe wa mafuta.

Sasa ndipo aibu yenyewe inapoanza, maana mpaka hapo ni kosa la kazini na makosa ya kazini tunayafanya. Nilirudisha kadi kwenye sanduku nikazirundikia nyingine juu. Nilichukua glasi sahihi nikaipeleka Kano. Sikumwambia mtu. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Nilijiambia ni mambo ya kale, mama labda amesahau, rejista imeshakwenda Nairobi. Na katika miaka hiyo miwili, baadhi yenu mnakumbuka, niliwafundisha kugeuza kitako cha glasi kabla ya kutoka stoo. Mliandika kwenye madaftari. Mmoja aliniuliza nilijifunza wapi uangalifu huo, nikamwambia ni kwa Mzee Elkana.

Baada ya zile mvua za El Nino ofisi ilitaka Lwandagiko ifunguliwe tena, na safari ikaniangukia mimi. Nilibeba kipimo na glasi niliyoikagua mara tatu. Nilimkuta Mama Truphosa akianika omena, dagaa wa ziwani, kwenye wavu nje ya nyumba yake. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale. Alinipa kigoda kabla ya kuniuliza ninataka nini.

Nilimweleza yote. Rafu ya juu, kitako, kadi. Alisikiliza huku akigeuza omena kwa kiganja.

"Hiyo glasi nilijua," alisema mwishowe. "Nilijua tangu mvua ya kwanza. Wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Nikasema, "Miaka miwili iliyopita, Mama."

Mkono wake ulisimama juu ya wavu. "Miaka mbili? Miaka mbili unajua, na mimi naketi nyuma kanisani?"

Nilisema pole, neno ambalo hata mtu aliyejikwaa hupewa.

"Jakoth, kama ni ile glasi peke yake, ningekusamehea hapa hapa na chai ungekunywa. Mtu anakosea. Lakini pole ya nyumbani sitaki. Ulinitaja kwa baraza. Kesho baraza iko. Nitaje huko."

Nikakubali. Nilitaka kukubali, nawaambieni kweli. Niliamka na maneno yakiwa yamepangwa kichwani: mimi ndiye niliyechukua glasi isiyofaa, mimi ndiye niliyekataa kumwaga maji, mama huyu alisema kweli. Maneno hayo hayazidi pumzi mbili.

Naibu chifu alinikaribisha kwa heshima nyingi, mgeni wetu kutoka Kisumu, mtu wa serikali. Watu walikuwa wengi kuliko mara ile. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa mbele. Nilisimama nikafungua mdomo, na kilichotoka ni sauti ya barua rasmi. Nikasema uchunguzi umeonyesha kulikuwa na hitilafu ya chombo. Nikasema glasi iliyotumika haikuoana na kipimo, kwa hiyo namba za mama hazikuwa kosa lake, na ofisi inasikitika kwa usumbufu uliotokea. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa kanisa aliinuka akanishika mkono, akasema ni nadra kwa mtu wa serikali kurudi kusafisha jina la mwananchi. Nilimwacha anishike.

Mama Truphosa akainua mkono kuomba nafasi, akapewa. Alisimama mahali pale pale aliposimama mara ya kwanza.

"Nashukuru," alisema. "Lakini mimi niko na swali moja tu. Glasi haina miguu. Ilikuja hapa na nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza polepole, akinitazama, jinsi mtu anavyomsogezea mwenzake kiti. Jibu alilijua, maana aliipokea kutoka mikononi mwangu. Alikuwa ananipa nafasi niliseme mwenyewe. Nilitazama wale wazee wa mbele waliokuwa bado wananitabasamia.

"Ofisi," nikasema. "Ililetwa na ofisi."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha soma namba.

"Haya," alisema. "Basi ukirudi, salimia ofisi."

Baraza zima likaangua kicheko. Naibu chifu alicheka mpaka akashika kofia, na mimi nilicheka nao, tena kwa sauti, nikiwa nimesimama mbele yake. Yeye alikaa chini akarekebisha kitambaa chake.